Kubadili Viongozi na Kubadili Uongozi: Kukisoma Kitabu cha Mwalimu Masasi na Newala

Kitabu kidogo cha Mwalimu Julius Nyerere, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kinatajwa sana kuliko kinavyosomwa. Makada wengi wanakijua kwa jambo moja tu, kwamba ndani yake Mwalimu aliwataja Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa Chama, akataka wawajibike. Wakishalijua hilo huona wamemaliza. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba usomaji wa namna hiyo una hatari, na kwamba kitabu chenyewe, pamoja na uzito wake wote, kina pengo ambalo limechangia kisomwe hivyo. Mifano yetu tutaitoa Masasi na Newala. Wanachama wa matawi ya huko ni wepesi wa kuuliza maswali magumu kuhusu jambo hili, na haishangazi, maana uwanda wa Makonde na nchi iliyo chini yake imeonja karibu kila namna ya kubadilishiwa watawala.

Kwanza tukumbushane hoja yenyewe, kwani wanafunzi wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, jambo lililo nje ya madaraka yake kwa mujibu wa Katiba ya Muungano. Kelele zilikuwa kubwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka upande wa pili. Wabunge 55, hoja yao ikiwasilishwa na Ndugu Njelu Kasaka, walidai iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, yaani tuwe na shirikisho la serikali tatu. Serikali ilianza kwa kupinga, kisha ikakubali, na Bunge likapitisha. Sera ya Chama wakati huo ilikuwa serikali mbili. Wanachama walikuwa hawajaulizwa. Mwalimu, ambaye alikuwa ameacha urais 1985 na uenyekiti wa Chama 1990, akasimama kama mwanachama na kupinga. Baadaye maoni ya wanachama yalikusanywa, na mwaka 1994 Bunge likabadili msimamo wake. Desemba 1994 Ndugu Cleopa Msuya akashika nafasi ya Ndugu John Malecela katika Uwaziri Mkuu, na baadaye ukatibu mkuu wa Chama ukatoka kwa marehemu Horace Kolimba kwenda kwa Ndugu Lawrence Gama. Hayo ndiyo matukio. Kitabu kilichapishwa Harare.

NGUVU YA HOJA

Sehemu ya kitabu inayohusu muundo wa Muungano ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo ambayo makada wetu wanairuka. Hapa hapana budi kukumbuka tulikotoka. Tanganyika ilipata uhuru 1961 lakini mkuu wake wa nchi alibaki kuwa Malkia wa Uingereza mpaka Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962. Zanzibar ilipewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakauondoa usultani huo. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ni muungano wa nchi mbili ambazo jana yake tu zilikuwa chini ya taji. Mwalimu anaeleza kwamba nchi hizo hazikulingana hata kidogo kwa ukubwa. Serikali moja ingeonekana kama Tanganyika imeimeza Zanzibar. Serikali tatu zingekuwa na gharama ambayo mzigo wake mkubwa ungeangukia Tanganyika, na serikali ya shirikisho ingeelea juu ya serikali mbili zenye watu na ardhi, yenyewe ikiwa haina hiki wala kile. Mtu anaweza kuikataa hoja hii. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imekwisha kuikataa mapema, ikapendekeza shirikisho, na Tume ya Jaji Warioba ikaja kuikataa tena katika rasimu yake ya 2013. Lakini anayeikataa anapaswa kuijibu, na kujibu kunataka kusoma. Kupiga makofi mahali ambapo majina ya watu yametajwa hakutoshi.

Nguvu ya pili ni fundisho la kuwajibika. Mwalimu anasema kwamba mshauri mkuu wa Rais akitoa ushauri ukaipeleka nchi pabaya, hana haki ya kuendelea kukaa kana kwamba ni mvua tu iliyonyesha. Fundisho hili ni sahihi, na halikuwa geni katika nchi yetu. Januari 1962 Mwalimu mwenyewe aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Ndugu Rashidi Kawawa, ili akaijenge TANU. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliouawa na kuteswa mikononi mwa dola huko Shinyanga, ingawa hakuna aliyemtuhumu kwamba mkono wake ndio uliofanya. Januari 1984 Ndugu Aboud Jumbe alijiuzulu mbele ya Halmashauri Kuu ya Taifa, Dodoma, baada ya mpango wake wa kudai serikali tatu kujulikana.

Tukiyatazama matukio haya kwa makini tunaona milango mitatu tofauti. Wa kwanza kiongozi aliufungua mwenyewe kwa ajili ya kazi nyingine. Wa pili ulifunguliwa na dhamira mbele ya makosa ya walio chini. Wa tatu ulifunguliwa na kikao, nyaraka zikiwa mezani. Mlango wa 1994 ulikuwa wa nne, nao tunauzungumza kwa uangalifu kwa sababu ya heshima tuliyo nayo kwa aliyeufungua. Ulifunguliwa na kalamu ya mzee mmoja.

Hapo ndipo pengo la kitabu lilipo. Halmashauri Kuu, Kamati Kuu na Bunge vimo ndani yake, lakini kwa sehemu kubwa vimo kama mahali ambapo Mwalimu alikwenda kueleza, kuonya na kusikitika. Kitabu hakituambii ni kwa nini vikao hivyo vilishindwa kufanya kazi hiyo vyenyewe kabla yake. Hakimwambii mwanachama wa tawi la Kitangari au Lulindi afanye nini siku ambayo viongozi wake wataiacha sera waliyokubaliana, na hakuna Baba wa Taifa wa kuandika kitabu. Siku hiyo haikuwa mbali, maana Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Tunajua baadhi ya ndugu zetu watasema kwamba kumdai Mwalimu jambo hili ni utovu wa adabu. Sisi tunaona kwamba kumsifu bila kumsoma ndio utovu wa adabu mkubwa zaidi.

SOMO LA LIWALI

Tuje sasa uwandani. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila eneo lililofyekwa na ukoo, wao waliliita chirambo, lilikuwa na mkulungwa wake, na urithi ulikwenda kwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mkulungwa hakuwa na askari. Akiwaudhi watu wake walimwacha, wakaenda kufyeka pori jingine, na uwanda ule wenye vichaka vinene na usio na mito uliwaruhusu. Hatusemi haya ili kuupamba ukabila wa kale. Ulikuwa na dhuluma zake, na biashara ya watumwa ilipita humo humo. Tunasema tu kwamba madaraka yalijibu kwa watu, kwa njia ya watu kuondoka.

Neno liwali halikuzaliwa huko. Lilikuja na utawala wa Sultani wa Zanzibar, ambaye maliwali wake walikaa katika miji ya pwani kama vile Lindi na Mikindani. Wajerumani walipoiteka pwani hawakuutupa utumishi wa Sultani. Waliutwaa vyeo vyake, liwali na akida, wakavipandisha bara. Kulikuwa na waliokataa, kama Machemba wa Luagala, Myao, aliyemwandikia von Wissmann barua kwa Kiswahili mwaka 1890 kumwambia kwamba hakuona sababu ya kumtii. Mwaka 1899 alilazimika kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji.

Walipokuja Waingereza na siasa yao ya kutawala kupitia wenyeji, walitafuta chifu mahali ambapo hapakuwa na chifu. Wakawachukua wakulungwa, wakawaandika kwenye orodha ya mshahara, wakawaita Mamlaka ya Wenyeji. Mpango huo ulipowashinda wakageukia maliwali wa kuteuliwa. Kwa mkulima wa Newala mabadiliko haya yote yalikuwa ya sura tu. Akida aliondoka akaja mkulungwa wa mshahara, mkulungwa akaondoka akaja liwali. Kila mmoja alikuwa na desturi zake, mmoja mpole na mwingine mkali. Lakini wote walitazama upande mmoja, kwenye baraza la Bwana Shauri. Hakuna aliyemtazama mkulima. Hata mkulungwa, ambaye babu yake aliogopa kuachwa peke yake porini, sasa hakuogopa tena, kwa sababu mshahara wake haukuhama watu walipohama.

Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza kitumike katika kuchambua kila badiliko la viongozi. Anayekuja atakuwa nani ni swali la pili. La kwanza ni hili: anayekuja anajibu kwa nani, na anayemjibu ana njia gani ya kumwondoa?

Mwaka 1963 Serikali yetu iliyaondoa madaraka ya machifu, na hilo lilikuwa tendo la kimapinduzi. Lakini tusijidanganye kwamba mkao wa liwali uliondoka siku hiyo hiyo. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulizifuta halmashauri za wilaya zilizochaguliwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumfikishia mwananchi madaraka. Kilichofika wilayani kwa kweli ni watumishi wa kuteuliwa na wizara zao. Katika kipindi hicho hicho korosho ya Tanzania ilishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga uliivamia miti. Viongozi wa mkoa na wa mamlaka ya zao walibadilishwa katika miaka hiyo, tena zaidi ya mara moja. Mwenye mikorosho hakuwa na kikao hata kimoja ambacho angeweza kumwambia mmoja wao, wewe ndiye uliyekosea, ondoka. Halmashauri na ushirika vilirudi kwa sheria za 1982, na ni vyema makada wajue kwamba kurudi huko kulikuwa kujikosoa kwa Chama, ingawa hakukuitwa hivyo.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nepal iliuondoa ufalme mwaka 2008 na kupata katiba ya shirikisho mwaka 2015. Tangu ufalme uondoke, kwa miaka mingi Uwaziri Mkuu ulizunguka kati ya viongozi wachache wale wale, akina Oli, Dahal na Deuba, kwa mapatano ya vyama, na hakuna serikali yao iliyomaliza miaka mitano. Kule viongozi walibadilishwa haraka mno, na kwetu mara nyingine tumebadilisha kwa kuchelewa mno. Lakini mwanafunzi atakayetumia kipimo cha liwali ataona kwamba katika hali zote mbili mapatano yalifanyika juu, na mkulima wa bondeni alisikia redioni.

KOROSHO NA MAWAZIRI

Mfano ulio karibu zaidi ni wa 2018, na hatuoni sababu ya kuukwepa. Juni mwaka huo Bunge lilibadili sheria kuhusu ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Awali asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao lenyewe, pamoja na salfa na pembejeo nyingine. Baada ya badiliko fedha zote zikaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini, wa Chama chetu na wa upinzani, walipinga, wakashindwa kwa kura. Oktoba wakulima wakakataa kuuza korosho kwa bei zilizotajwa minadani. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara. Bodi ya Korosho nayo ikavunjwa, na Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Ukafuata uhakiki wa wakulima, ili walanguzi wa kangomba wasilipwe. Wako waliolipwa mapema na wako waliosubiri miezi. Januari 2019 mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya ulitiwa saini, na haukutekelezwa. Juni 2019 Waziri mpya wa Viwanda na Biashara naye akaondolewa.

Hatusemi kwamba mawaziri hao hawakustahili kuondoka. Bei ya 3,300 ilikuwa ushindi wa mkulima dhidi ya mlanguzi, na yeyote aliyekuwapo Masasi siku ilipotangazwa anaijua furaha ile. Tunachosema ni kwamba katika miezi saba wizara moja ilipoteza mawaziri wawili, na hakuna hata siku moja ambayo mkulima alielezwa ni sera gani iliyokosewa na ni nani aliyeishauri. Uamuzi kuhusu ushuru, ambao ulifanywa mchana kweupe na kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge, haukumgharimu mtu yeyote kiti chake. Viongozi walibadilishwa, na kilicholeta shida kikabaki mahali pake. Msomaji atakumbuka kwamba Mwalimu, katika kitabu chake, alifanya kinyume: alianza na sera, akaichambua kurasa kwa kurasa, na baada ya hapo tu ndipo akafika kwa watu. Kwa jambo hilo kitabu kinatufaa hadi leo, na wale wanaokumbuka majina tu wamekipindua kichwa chini miguu juu.

Liko jambo jingine dogo ambalo Masasi hulitaja kila mazungumzo yanaposhika moto. Julai 1995, baada ya kura kurudiwa, mkutano mkuu wa Chama ulimteua Ndugu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, kugombea urais. Wengi walidhani zamu ya kusini imefika. Daraja la Rufiji lilifunguliwa 2003 na kupewa jina lake, na msingi wa ule wa Umoja juu ya Ruvuma uliwekwa katika wakati wake. Lakini alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na waliotegemea shangazi na wajomba zake wapewe nchi walirudi na hasira. Fikra ya kwamba kiongozi akitoka kwetu basi tunatawala sisi ndiyo mama wa fikra ya Tanganyika. Mtu anayeanza kwa kudai Rais wa kusini atamaliza kwa kudai Mkuu wa Wilaya wa kata yake.

Na hapa tunarudi kwenye Muungano. Katika mwaka ule ule wa 1994 Bunge lilifanya badiliko la kumi na moja la Katiba, ambalo watu wengi hawakulijali kwa sababu ya kelele za serikali tatu. Kabla yake Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano. Kuanzia uchaguzi wa 1995 Makamu alichaguliwa pamoja na Rais kama mgombea mwenza, na ikawa lazima wawili hao watoke pande mbili za Muungano. Wapo Wazanzibari waliolalamika kwamba wamepunguziwa kiti, na malalamiko hayo hayakuwa ya kipuuzi. Lakini tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, na tarehe 19 Machi Makamu wake, Ndugu Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, akaapishwa, nchi ilivuka bila mzee yeyote kuandika kitabu. Ibara ya Katiba ilikuwa imeandikwa mapema, na watu walikuwa wakiijua. Hilo ndilo ambalo Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania halikutufundisha, na ambalo mwaka wake wenyewe wa mgogoro ulikuwa ukilitengeneza kimya kimya chumba cha pili.

Kwa hiyo katika mafunzo ya matawi tunapendekeza kitabu hiki kisifundishwe peke yake. Kisomwe pamoja na badiliko la Katiba la 1994, na rasimu ya Jaji Warioba ya 2013 iliyopendekeza serikali tatu, na Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 iliyorudi kwenye mbili. Kura ya maoni juu ya hiyo ya mwisho ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikupigwa. Kwa Masasi na Newala iongezwe sheria ya ushuru wa korosho ya Juni 2018 pamoja na kumbukumbu za mjadala wake Bungeni, na kila mwanafunzi atakiwe kuonyesha, kwa ukurasa, ni nani aliyesema nini kabla ya kura.